Mama Aliniambia Yaliyompata Nikiwa Tumboni, na Sasa Naogopa Kuogopa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33 na mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi ulinikimbia wiki tatu zilizopita na haujarudi.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kushtuka. Mlango ukibamizwa, moyo unanienda mbio, na inanichukua nusu saa kutulia wakati wenzangu wameshasahau. Bosi akinitumia ujumbe wa maneno mawili tu, "njoo ofisini", viganja vinalowa jasho na tumbo linanikata. Tena kuna upande wa pili ambao naona haya kuusema. Nikishtuliwa nyumbani nakuwa mkali. Mwezi uliopita mume wangu alinijia kwa nyuma akanigusa bega, hakuwa na nia mbaya. Niligeuka na kikombe mkononi, kikombe kikaishia ukutani. Aliokota vigae kimya kimya. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Siku zote nilijiambia kwamba ndivyo nilivyoumbwa. Kisha mama akaja kunitembelea, nikamsimulia habari ya kikombe kama utani hivi. Alikuwa anakunja nguo nilizomnunulia mtoto. Hakuinua uso. Akasema, "Wewe ulianza kushtuka kabla hujazaliwa." Ndipo akanieleza yale ambayo hakuwahi kunieleza maisha yangu yote: kwamba baba alikuwa akimpiga akiwa na mimba yangu, kwamba alikuwa akinywa pombe ili apate usingizi, na kwamba nilipozaliwa alishindwa hata kunishika. Nikawa mtoto wa kupokezanwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka nilipokaribia mwaka na nusu. Akamaliza kukunja nguo, akasema gari litamwacha, akaondoka.

Tangu siku hiyo nimesoma mpaka macho yanauma. Nimesoma kwamba msongo wa mama unafika kwenye ubongo wa mtoto, kwamba kuna homoni inaitwa kortisoli, kwamba ubongo unapangwa mapema na mpangilio huo mtu anazeeka nao. Nilijaza dodoso la mtandaoni lenye maswali 10 kuhusu mabaya ya utotoni, nikapata 6. Chini yake waliandika kwamba mwenye 4 na zaidi yuko hatarini kwa sonona, ulevi na magonjwa ya moyo. Nikazima simu.

Halafu kuna mdogo wangu wa kike. Nilimtangulia miaka mitano. Alipozaliwa baba ameshaondoka na mama ameshaacha pombe. Yeye ametulia kama maji mtungini. Utotoni radi ikipiga, mimi niliyeogopa kuliko yeye ndiye niliyeingia naye chini ya kitanda nikamwimbia. Analala palepale, mimi nabaki macho. Mama ni yuleyule. Kinachotutofautisha ni tumbo na ule mwaka wa kwanza, basi.

Sasa mama anataka kuja kukaa nami nikijifungua. Amesema atafika wiki mbili kabla. Sijui kama nitavumilia kumwona akimbeba mwanangu ilhali mimi hakunibeba. Nikimwambia asije, nitakuwa nimemhukumu mwanamke aliyekuwa akipigwa. Na linaloniumiza zaidi ni hili: kila nikiogopa najua hofu yangu inamfikia mtoto, na nikijua hivyo naogopa zaidi. Nina saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, naitazama usiku kucha. Mume wangu hajui lolote katika haya.

Nimwambie nini mama? Nimwambie nini mume wangu? Na je, ubongo ulioharibika tangu tumboni unaweza kulea mtoto?

Mwenye Kushtuka

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa usiku huo wote.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona maswali mengi: mama, mume, mimba, kikombe. Mara ya tatu niliona yote yamefungwa kwenye neno moja uliloliweka mwishoni kabisa, "ulioharibika". Ukimkatalia mama, ni kwa sababu aliharibu. Ukimficha mume, ni kwa sababu ulichonacho kimeharibika. Ukiitazama saa usiku kucha, unamchunga mtoto asiharibike. Kwa hiyo niruhusu nianze na neno hilo kabla ya mama yako.

Uliyoyasoma hayakuwa uongo. Mtu akishtuka, adrenalini ndiyo inayokimbiza moyo papo hapo. Nyuma yake inakuja kortisoli, taratibu zaidi: sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaamsha tezi ya pituitari, nayo inazituma tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, ziimwage kwenye damu. Kisha kortisoli hiyohiyo inarudi ubongoni, na huko sehemu nyingine iitwayo hipokampasi inaipokea na kusema, imetosha, zimeni. Kuna kengele na kuna breki. Ni kweli kwamba yanayompata mtoto tumboni na katika miaka ya mwanzo yanaweza kubadilisha wepesi wa kengele na nguvu ya breki.

Nadhani umesoma pia habari za panya, maana kila anayeingia katika mambo haya hukutana nao. Mwaka 2004, Michael Meaney na Moshe Szyf wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya panya wanaowalamba sana watoto wao na wale wanaowalamba kidogo. Waliolambwa kidogo walikua wepesi wa kushtuka na wazito wa kutulia. Katika hipokampasi zao, jeni inayotengeneza vipokezi vya homoni ya msongo, yaani ile breki, ilikuwa imebandikwa alama za kikemikali zinazoifanya isisomwe sana. Angalia vizuri: jeni yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa imefunikwa.

Wengi huishia hapo, na wakiishia hapo wanakata tamaa. Lakini watafiti walifanya jambo jingine, waliwabadilisha watoto. Panya aliyezaliwa na mama asiyelamba, akapewa mlezi anayelamba, alikua akifanana na watoto wa huyo mlezi. Na panya waliokwisha kuwa wakubwa walipotiwa kemikali fulani ubongoni, alama zile zilipungua na mwitikio wao wa msongo ukabadilika. Wewe si panya, na kemikali ile si dawa ya kumpa mtu. Nakutajia ili uone kwamba hata pale ambapo sayansi hii inatisha kuliko pote, haisemi "imeharibika". Inasema mwili ulijifunza jambo mapema sana.

Na ulijifunza nini? Ulikuwa unaandaliwa kuingia katika nyumba ambamo mlango ukibamizwa, kuna mtu anapigwa. Kwa mtoto wa nyumba ile, kushtuka haraka na kuchelewa kutulia halikuwa kosa. Leo unaishi na mtu anayeokota vigae kimya kimya, na mwili wako bado unatumia ramani ya nyumba nyingine. Hiyo ni shida ya kweli, inachosha, na siipunguzi hata kidogo. Ila mtu mwenye ramani ya zamani na mtu aliyeharibika hawasaidiwi kwa njia moja.

Tena si kila aliyepita magumu anatoka na kengele kali. Jijini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Baadhi yao walipelekwa kwa kura kwenye familia za kuwalea. Miaka mingi baadaye wale ambao kura haikuwapeleka huko hawakuwa wenye kushtuka zaidi. Miili yao iliitikia kwa ubaridi, kortisoli ikipanda kidogo kuliko kawaida. Waliopata familia walikuwa na mwitikio uliokaribia ule wa watoto wengine, hasa waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili. Nakwambia hivi kwa sababu umejenga mstari ulionyooka kutoka tumbo la mama yako hadi kikombe ukutani, na mambo haya hayaendi kwa mstari ulionyooka.

Kuhusu lile dodoso nitakuwa mkali kidogo, si kwako, kwa walioliweka hapo bila maelezo. Chimbuko lake ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 na Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao. Ulionyesha kweli kwamba katika kundi kubwa la watu, waliopitia mabaya mengi utotoni hupata magonjwa mengi zaidi ukubwani. Lakini ni hesabu ya kundi. Mwaka 2020 Anda mwenyewe, na wenzake, walionya kwamba alama zile hazikutengenezwa kupimia hatari ya mtu mmoja mmoja. Alama hazionyeshi jambo lilitokea mara ngapi, wala ulikuwa na umri gani, wala nani alikuwa upande wako. Na kuna kitu kingine ambacho huenda hukukiona kwa sababu ya usiku: dodoso linauliza yaliyotokea kabla hujafikisha miaka 18. Halina hata swali moja kuhusu tumbo.

Basi zile alama 6 zimetoka wapi? Umeandika habari za mimba na za mwaka na nusu wa kwanza, kisha ukaruka hadi kuzaliwa kwa mdogo wako. Katikati kuna miaka mitatu na zaidi, na kwa maelezo yako mwenyewe huenda baba alikuwa bado yumo nyumbani kwa sehemu ya muda huo. Sikulazimishi uikumbuke. Nauliza tu kama imekuwa rahisi zaidi kuweka mzigo wote kwenye tumbo, mahali usipokumbuka kitu na ambapo aliyekuwepo ni mama peke yake. Baba yako ametajwa katika barua yako mara chache sana, nawe umeshampima mama kwa mizani yote.

Sasa mtoto uliyembeba. Kortisoli yako haimwagiki kwake kama maji yatokayo kwenye ndoo iliyotoboka. Kondo la nyuma lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata sehemu kubwa ya kortisoli ya mama na kuigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu. Ulinzi huo si kamili, na dhiki kali ya muda mrefu imeonekana kuupunguza, kwa hiyo sitakudanganya kwamba msongo hauna athari. Huko Bristol, Uingereza, wajawazito zaidi ya 14,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatiliwa pamoja na watoto wao. Watoto wa wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote mwishoni mwa mimba walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na matatizo ya hisia na tabia. Mara mbili inatisha ukiisoma saa tisa za usiku. Lakini hata baada ya kuongezeka mara mbili, karibu tisa katika kila kumi ya watoto wa akina mama wale hawakuwa na matatizo hayo. Na hao walikuwa wenye wasiwasi kuliko wote.

Kushtuka kwa mlango si sawa na kupigwa miezi tisa. Ila kukosa usingizi wiki tatu ni jambo la kushughulikia, kwa ajili yako kwanza. Mweleze mkunga wako kliniki waziwazi: silali, naogopa, na mama yangu alipitia haya. Kuna tiba ya mazungumzo kwa wajawazito wenye wasiwasi, na kwa wanaobeba kiwewe cha zamani. Na ikihitajika dawa, daktari atapima ipi inafaa na mimba yako. Usijinunulie ya usingizi, na kama ipo unayotumia tayari usiikatize bila kumuuliza. Ikifika mahali unawaza kujidhuru, usingoje siku ya kliniki wala jibu langu. Mwamshe mumeo usiku huohuo na muende hospitali.

Ile saa, mwanangu, inakusaidia nini? Nauliza kwa dhati. Inaweza kuwa inakupa picha ya kwamba unadhibiti jambo. Lakini kila ukiitazama unauambia mwili kuna hatari ya kupimwa, nao unatii. Ukiivua wiki moja utapoteza kitu gani? Jaribu kujibu kabla ya kuivua au kuiacha.

Sitaki kuipita pombe ya mama yako haraka, kwa sababu ni tofauti kidogo na mengine. Pombe hupita kwenye kondo bila kuzuiliwa, na inaweza kugusa kumbukumbu, umakini na mwitikio wa msongo wa mtoto kwa muda mrefu. Kama mama alikunywa nyingi kiasi gani na katika miezi ipi, hujui, na hata ukijua huenda isitoe jibu. Lakini ni habari ambayo daktari au mwanasaikolojia anaweza kuitumia, hasa kama umekuwa na shida nyingine za kujifunza au kukaza fikira tangu shule. Ichukue kama historia ya afya. Inaweza kuwa pia kosa la mtu, hayo ni yako kuyapima, ila si lazima uyapime yote siku moja.

Nimemwacha mdogo wako makusudi, kwa sababu kwake ndiko nilikosimama mara ya tatu. Umemweka kama kipimo: mama yuleyule, tumbo lililotulia, matokeo mazuri. Lakini ndugu wawili hawarithi jeni zilezile zote, na nyumba aliyozaliwa yeye haikuwa nyumba uliyozaliwa wewe. Nyumba yake ilikuwa na kitu ambacho yako haikuwa nacho. Ilikuwa na dada mkubwa anayeingia naye chini ya kitanda. Watafiti wa mambo haya wanarudia jambo moja, kwamba mtoto aliye karibu na mtu anayemwamini huitikia hofu kwa upole zaidi. Kengele hulia na kuzima mapema. Siwezi kukuthibitishia kwamba utulivu wa mdogo wako ulitoka kwako. Ila umeniuliza kama ubongo wako unaweza kulea, na katika barua hiyohiyo, sentensi chache kabla, umenionyesha mtoto aliyelala kwenye radi kwa sababu yako, nawe ukiwa unatetemeka.

Haya, mama.

Unaweza kuzungumza naye kabla ya kujifungua. Faida yake ni kwamba hutambeba moyoni hadi chumba cha uzazi. Hatari yake ni kwamba unaweza kwenda ukitaka neno moja, "nisamehe", naye akakupa utetezi, au machozi, au kimya, nawe huna usingizi wa kutosha kuyapokea. Ukichagua njia hiyo, amua kwanza unatafuta nini: habari, au pole, au nafasi ya kusema tu "iliniuma". Ni vitu vitatu, na mama anaweza kuwa nacho kimoja asiwe navyo vingine.

Unaweza kungoja. Hakuna sheria inayosema jeraha la miaka 33 litibiwe ndani ya miezi minne. Lakini kungoja huku akihamia kwako ni kazi ngumu, na kinachofichwa huweza kutoka kwa sababu ya beseni lililowekwa vibaya. Unaweza kumwomba aje baadaye, au aje siku chache, au akae kwa mdogo wako na awe anakuja mchana. Unaweza kumwambia mambo ambayo ungependa uyafanye mwenyewe, kama kumbeba mtoto wiki ya kwanza. Huko si kumhukumu. Anaweza kuumia hata hivyo, na kuumia kwake kutakuwa kwa kweli.

Na unaweza kumwacha aje kama alivyosema. Sijui moyo wako utafanya nini utakapomwona amembeba. Huenda ukawaka. Huenda pia ukaona mikono ambayo wakati ule ilishindwa kwa sababu ilikuwa ikijikinga. Yote mawili yanaweza kukupata asubuhi moja.

Kitu kimoja katika masimulizi yako kimenikaa. Alikwambia akiwa anakunja nguo za mtoto, hakuinua uso, kisha akakimbilia gari. Wewe umeyasikia kama taarifa ya uharibifu. Mimi najiuliza kama ulikuwa ni usemi wa mtu ambaye naye anashtuka, na amekaa na neno hilo miaka 33 akitafuta mlango wa kutokea. Inawezekana nimekosea, wewe unamjua. Lakini hakulazimishwa kusema. Ungeweza kuzeeka ukiamini ndivyo ulivyoumbwa.

Mumeo nadhani ndiye mwepesi kuliko wote, na ndiye uliyemweka mwisho. Anajua kuna kitu, aliokota vigae. Huhitaji kumpa sayansi yote hii wala siri zote za mama yako, maana baadhi si zako kuzigawa bila kumuuliza mwenyewe. Mnaweza kuanza na jambo dogo la mwili: asije kwa nyuma, aite jina lako kabla ya kukugusa. Ukimwambia hivyo ataweza kuuliza kwa nini, nawe utaamua usiku huo umweleze kiasi gani. Hatari ni kwamba atataka kukutengeneza, kama wengi wanaotupenda. Basi mwambie pia usichokihitaji.

Niandikie ukishajifungua, hata kama hujaamua lolote kuhusu mama. Na ukikumbuka, niambie ulikuwa ukimwimbia mdogo wako wimbo gani.

Shangazi yako